Mikoko ya Mwache: msitu wa pwani unaozikwa na udongo wa bara

Kisiwa cha Mombasa kiko kati ya hori mbili, yaani mikono ya bahari inayoingia bara. Ya kaskazini ni Tudor, inayopokea maji ya mito Kombeni na Tsalu. Ya kusini magharibi ni Port Reitz, ambayo mlango wake ni Bandari ya Kilindini na ambayo huzidi kuingia bara mpaka ikagawanyika katika mikono myembamba ya matope na mikoko. Kwenye mmoja wa mikono hiyo, mbali na winchi na makontena, ndipo Mto Mwache unapokutana na maji ya chumvi. Kijiji cha Bonje kiko upande mmoja, Tsunza ya Kaunti ya Kwale iko upande wa pili, na katika maji yanayovitenganisha kuna msitu wa mikoko ambao umepata hasara kubwa tangu miaka ya tisini, kwa sababu ambayo haitajwi sana tunapozungumzia pwani na mabadiliko ya tabianchi.

Tumezoea kuambiwa kwamba hatari ya mikoko ni bahari inayopanda. Hatari hiyo ni ya kweli, nami nitaifikia. Hata hivyo, pigo kubwa la kwanza la tabianchi lililoonekana kwa macho huko Mwache lilitoka nyuma ya msitu, lilishuka na mto, na lilikuwa la mchanga na udongo. Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinatulazimisha kuuliza mahali ambapo kazi ya kulinda makazi ya viumbe wa pwani inapaswa kuanzia, na jibu lake, kwa maoni yangu, liko huko bara, katika vilima vya Kinango na Samburu ya Kwale, kabla ya kufika kwenye tope la Bonje.

Kenya ina spishi tisa za mikoko, na wakazi wa pwani wana jina kwa kila mti. Mlilana husimama mbele, penye maji mengi. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, wenye mizizi mirefu iliyojitanda juu ya tope, kisha muia na mkandaa, na karibu na nchi kavu husimama mchu, ambao huvumilia chumvi kuliko wenzake. Mpangilio huu unatokana na idadi ya mara ambazo maji ya bahari hufika kila mahali kwa mwezi: mlilana huogeshwa karibu kila maji yanapojaa, ilhali baadhi ya michu ya nyuma husubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kimo cha ardhi kikibadilika hata kidogo, ratiba hiyo ya maji hubadilika, na mti uliokuwa mahali pake hujikuta mahali pa mti mwingine.

Viumbe waishio humo hufuata mpangilio huohuo. Mkizi, chewa wadogo na kamba huingia na maji yanayojaa, wakala na kujificha kati ya mizizi, kisha wakatoka yanapokupwa. Kaa koko, ambaye hoteli za pwani humnunua kwa bei nzuri, huchimba mashimo makubwa chini ya mizizi. Vikaa wadogo wala majani huburuta majani yaliyoanguka na kuyaingiza ardhini, na mashimo yao ndiyo yanayopitisha hewa na maji katika tope ambalo bila hayo lingekosa hewa kabisa. Wakati wa kaskazi, sululu na ndege wengine waliozaliwa kaskazini ya mbali kabisa ya Asia na Ulaya huja kujipatia chakula kwenye tope lililo wazi, huku yangeyange na mdiria wakiwapo mwaka mzima. Hapa, makazi ya viumbe yanajengwa na tope lenyewe na kimo chake sawasawa na yanavyojengwa na miti.

Mvua zilizoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998 bado zinakumbukwa Mombasa kwa jina la El Niño. Bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na vuli ambayo kwa kawaida ni fupi na haba iligeuka kuwa mafuriko. Barabara na madaraja yaliharibika, na watu wakaugua kipindupindu na malaria. Mwache, ambao ni mto wa msimu na kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji mengi, ulishuka kwa nguvu ukiwa na shehena ya udongo kutoka eneo la zaidi ya kilomita 2,000 za mraba. Eneo hilo la Waduruma lina miamba ya mchanga ambayo humomonyoka kwa urahisi, na udongo wake ukishavuliwa nyasi hauna kinga. Maji hayo yalipofika kwenye hori yalikutana na maji ya bahari, yakapunguza mwendo, na mzigo wake ukatua pale pale penye mikoko.

Kilichofuata kinafaa kuelezwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kiini cha kisa hiki. Mkoko hupumua kupitia vitundu vidogo vilivyotapakaa kwenye mizizi yake ya juu. Mchu hutoa vijimizi vyembamba vinavyochomoza wima kutoka ardhini, vingi hata mtu hawezi kupita bila kuvikanyaga, na urefu wake wa kawaida haupiti sana ule wa kidole cha mkono. Maji yakikupwa, hewa huingia humo na kushuka hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope lisilo na hewa. Mchanga ukitua kwa unene unaopita vijimizi hivyo, mti hukosa pumzi. Kuna miti inayodhoofika hata kwa sentimita 10 tu za udongo mpya ulioletwa kwa mkupuo. Mashimo ya kaa nayo hujaa, kwa hiyo ile njia ya pili ya hewa hufungwa wakati uleule. Mti hauanguki siku hiyo. Majani huanza kuwa na rangi ya manjano, yanapukutika kuanzia vilele, na baada ya miezi kadhaa msitu hubaki mashina makavu yaliyosimama bila gome, ambayo hatimaye huishia kuwa kuni.

Kama jambo hilo lingeishia hapo, msitu ungeweza kupona, kwa sababu mbegu za mkoko huota zikiwa bado mtini na kusafiri na maji hadi zinapopata pa kukwama. Lakini mchanga ulioua miti uliinua pia kiwango cha ardhi. Mahali palipokuwa pakifikiwa na maji kila siku pakawa panafikiwa na bamvua peke yake, jua likakausha kinachobaki, chumvi ikajikusanya, na mbegu zikakosa maji ya kuzifikisha au zikafika na kukauka. Hivyo ndivyo mafuriko ya msimu mmoja yanavyoweza kuacha uwanda mtupu kwa miaka mingi. Vuli ya 2006 ilileta tena mvua kubwa na tena matope, kabla majeraha ya mwanzo hayajafunga.

Utafiti wa wanasayansi uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha ramani ya 1992 na picha za setilaiti za hadi 2009 na kupata kwamba Mwache ilikuwa imepoteza asilimia 45.4 ya mikoko yake, na Tudor asilimia 86.9. Takwimu hizi zinastahili uangalifu. Haziwezi kubebeshwa mvua peke yake, kwa sababu katika kipindi hichohicho Mombasa ilikuwa ikikua kwa kasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Watu hao wanahitaji kuni za mandazi, makaa, na fito, pau, boriti na nguzo za kujengea, na mikoko iko karibu kuliko msitu mwingine wowote. Tudor imebeba pia majitaka ya mitaa inayoizunguka. Tena mkoko una udhaifu wake: tofauti na mchu, mkubwa wake ukikatwa hauchipuki tena, kwa hiyo kila shoka linalofika huko huondoa mti na mzazi wa mbegu kwa pamoja.

Ukataji haramu usichukuliwe kuwa kisa tofauti, kwa sababu msitu ulionyolewa huwa na mizizi michache ya kupunguza mwendo wa maji na kusambaza udongo kidogo kidogo, na mbegu chache za kuziba pengo baada ya maafa. Tabianchi hutoa pigo, na hali ya msitu siku hiyo ndiyo huamua pigo litafika wapi. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaotumia neno tabianchi kama udhuru wa kutosimamia misitu, wala na wale wanaowalaumu wakata kuni wa Bonje kwa kila mti uliokufa.

Tuangalie sasa huko juu. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 Pembe ya Afrika ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na Kinango ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mifugo ilikufa, nyasi ziliisha hadi mizizi, na familia zisizo na mavuno ziligeukia kuchoma makaa, kwa kuwa ndiyo bidhaa pekee inayouzika wakati shamba limekauka. Kisha vuli ya 2023 ikaleta mafuriko. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika maafa ya hali ya hewa, walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliongeza ukali wa mvua za msimu huo katika Pembe ya Afrika hadi maradufu. Mfuatano huu ndio wa kuogopwa zaidi. Ukame mrefu huvua ardhi nguo, na mvua kali inayofuata huikuta ikiwa wazi. Yeyote aliyewahi kuvuka Mwache baada ya mvua kubwa ya bara ameyaona mwenyewe: maji mekundu mazito, yenye vijiti na mabua ya mahindi, yakisukuma kuelekea Port Reitz. Kila kikapu cha udongo kinachopita hapo ni hasara mara mbili, kwa mkulima wa juu aliyeupoteza na kwa mvuvi wa chini anayeupokea.

Jibu lililozoeleka kwa uharibifu huu limekuwa kupanda miche. Kwa miaka mingi vikundi vya vijiji, shule, mashirika na makampuni vimeingia kwenye tope vikiwa na mbegu za mkoko, na kazi hiyo imefanywa kwa moyo mwema. Vikundi vinavyotunza vitalu vimewapa wanawake wengi kipato na sauti. Tatizo liko katika uchaguzi wa mahali na mti. Mbegu ya mkoko ni ndefu, ni rahisi kuiokota na kuichomeka ardhini, kwa hiyo hupandwa kila mahali, hata penye makao ya mchu au mlilana. Ikichomekwa kwenye tope la chini mno huzama na kushikwa na chaza na viumbe wengine wanaong'ang'ania shina. Ikichomekwa juu ya mchanga ulioinuliwa na mafuriko hukauka kabla ya masika. Hesabu zinazotangazwa huwa za miche iliyopandwa, ilhali inayotakiwa ni ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Katika sehemu za Mwache zilizozibwa, kazi ya kwanza inapaswa kuwa kupima ni mara ngapi maji hufika hapo kwa mwezi na, inapowezekana, kufungua upya vijito vidogo vilivyozibwa na mchanga ili bahari ifanye upandaji wake yenyewe. Hiyo ni kazi ya majembe na subira, na haipigi picha nzuri.

Sasa bahari. Ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, na mwendo unaongezeka. Mikoko ina njia mbili za kukabiliana na hali hiyo: kuinua sakafu yake kwa kunasa matope na kujenga mizizi, au kurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 katika jarida la Science, uliotumia kumbukumbu za maelfu ya miaka zilizohifadhiwa katika udongo, ulionyesha kwamba bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6.1 kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba mikoko hushindwa kuinua sakafu yake kwa kasi inayotosha.

Hapo ndipo kisa cha Mwache kinapokuwa kigumu, kwa sababu matope yaliyoua msitu ndiyo pia chakula cha kuuinua. Tofauti ni ya kiasi na wakati. Udongo unaokuja kidogo kidogo, mvua baada ya mvua, husambazwa na mizizi na kuchanganywa na kaa, na msitu hupanda nao. Udongo wa miaka mingi ukiletwa kwa wiki chache huzika. Kwa hiyo lengo haliwezi kuwa kuuzuia mto usilete udongo hata kidogo.

Swali hilo limekuwa la haraka kwa sababu ya Bwawa la Mwache, linalojengwa katika Kaunti ya Kwale kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Limekusudiwa kutoa lita milioni 186 za maji kwa siku kwa Mombasa na Kwale. Mji ambao mifereji yake hukauka kwa siku kadhaa, na ambao wakazi wake hununua maji kwa mitungi ya mkokoteni, hauna haki ya kulipuuza bwawa hilo, nami siandiki kulipinga. Mpango wake unajumuisha pia mabwawa madogo ya kunasa mchanga upande wa juu, jambo la busara, kwa kuwa bwawa lolote katika bonde hili lisilolindwa litajaa udongo kabla ya umri wake.

Kwa mikoko, ukuta huo utafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Utapunguza mapigo kama ya 1997, na hiyo ni neema. Utapunguza pia matope ya kawaida na maji matamu yanayopunguza chumvi kwenye ncha ya hori, na hiyo inaweza kuacha msitu ukizama polepole huku kila mtu akidhani umesalimika kwa sababu hakuna mafuriko. Kurudi nyuma nako kunazidi kuwa na nafasi finyu. Sehemu za kingo ni za mwinuko mkali, na penye ardhi ya chini kuna nyumba, mashamba, na sasa barabara ya kuelekea Dongo Kundu na mipango ya eneo maalumu la kiuchumi. Ule uwanda mtupu wenye chumvi nyuma ya mikandaa, ambao machoni pa dalali wa viwanja hauna kazi, ndio mahali pekee ambapo mchu wa mwaka 2060 ungeweza kusimama. Sheria imeilinda mikoko kama msitu wa serikali tangu tangazo la 1932 na tena la 1964, lakini ulinzi wa mti uliopo leo hautoshi iwapo ardhi utakayohamia imeshawekewa mawe ya mipaka.

Wengi huuliza kwa nini Mwache isifuate mfano wa Gazi, kusini mwa hapa. Mradi wa Mikoko Pamoja huko Gazi unalinda hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti yake, tangu 2013, na fedha zake zimeingia katika maji na shule za kijiji. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ni mfano wa kujivunia. Hata hivyo, kikundi cha Gazi kinaweza kuahidi kwamba miti yake itadumu kwa sababu tishio kubwa, yaani shoka, liko mikononi mwa watu wa hapo hapo. Kikundi cha Bonje kikitoa ahadi hiyo kitakuwa kinaahidi kwa niaba ya mchoma makaa na mfugaji walioko bara kabisa, ambao hawajawahi kukutana nao. Mwache inahitaji mapatano yanayofuata mto.

Mapatano hayo yana mfano hapa Kenya. Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, ulioanzishwa 2015, hukusanya fedha kutoka kwa watumiaji wakubwa wa maji na kuzipeleka kwa wakulima wa juu wachimbe makinga maji, wapande nyasi kwenye kingo na wapunguze udongo unaoingia mtoni. Wakazi wa Mombasa watakapoanza kunywa maji ya Mwache, sehemu ndogo ya malipo yao inaweza kurudi Kinango kwa njia hiyohiyo: makinga maji mashambani, nyasi kwenye njia za mifugo, ukanda usiolimwa kando ya vijito, na njia nyingine ya kipato kwa mchoma makaa wakati wa ukame, kwa sababu marufuku bila chakula mezani haijawahi kuzima tanuri. Hilo lingeongeza umri wa bwawa lenyewe, kwa hiyo hata mhandisi asiyejali kaa wala sululu ana sababu ya kuliunga mkono. Ugumu uko katika mamlaka. Mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, mashamba yako Kwale, wanywaji wengi wako Mombasa, na bwawa ni mradi wa serikali kuu. Kila ofisi inaweza kusema kweli kabisa kwamba udongo huo si wa kwake.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri sheria mpya wala mfuko mpya, nalo ni ratiba ya kuachilia maji na matope kutoka kwenye bwawa. Ratiba hiyo inapaswa kujadiliwa kabla ziwa halijaanza kujaa, ikieleza maji kiasi gani yataachwa yashuke wakati wa masika na vuli, na wavuvi wa Bonje na Tsunza wawemo katika kikao pamoja na wahandisi na wakulima. Sambamba na hayo, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake hapa hapa Mombasa, pamoja na vikundi vya misitu vya vijiji, wanaweza kusimika vyuma vya kupimia kimo cha tope katika sehemu chache za msitu, penye mlilana, penye mkoko na penye mchu, na kuvisoma kila baada ya msimu wa mvua. Gharama yake ni ndogo, na vijana wa kijiji wanaweza kufundishwa kuvisoma kwa siku moja. Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya bwawa ndivyo pekee vitakavyoweza kuonyesha baadaye kama msitu unainuka na bahari au unaachwa nyuma; vikikosekana, mvuvi atasema bwawa limeua mikoko, msimamizi wa bwawa atasema ni bahari, na hakutakuwa na wa kuwaamua.